Kutu ya Kiti cha Haboba

Juzi mmoja wenu alikuja kwangu hapa Lodwar, akavua kofia vizuri, akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mzee," kisha akanisogezea simu mpaka karibu iguse pua yangu. Kwenye simu palikuwa na picha ya meza ya chuma iliyojaa kutu, imewekwa katika ukumbi wa hoteli ya watu wakubwa, na juu yake maua. "Mzee, hii inatengenezwaje?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Miaka yote niliyochomelea milango, madirisha na vitanda, Lodwar na Kakuma, watu walinilipa ili kutu isiingie. Leo nimestaafu, kifua kimechoka na moshi wa rodi za kuchomelea, ndipo mnakuja kuniuliza namna ya kuikaribisha.

Basi kaeni. Nitawaeleza, kwa sababu naijua. Niliijua kwa ajili ya kiti kimoja cha Kakuma, na kwa ajili ya macho ya mama mmoja mzee ambayo yangeweza kuharibika kwa sababu ya kiti hicho. Kama mna haraka, dukani kuna rangi ya mkebe iliyoandikwa rangi ya kutu. Pulizeni, mrudi kwenye simu zenu, na msiniambie mmefanya kazi.

Karakana yangu ya Kakuma ilikuwa kando ya barabara iendayo Lokichoggio, upande wa mji, lakini wateja wangu wengi walitoka kambini. Mmoja wao alikuwa Nyibol, mama kutoka Sudan Kusini, mwenye kibanda cha chai. Alitia tangawizi nyingi kiasi kwamba ukinywa unalisahau joto la nje na kuanza kupambana na la ndani. Kibandani palikuwa na viti sita vya chuma. Mumewe, Deng, ndiye aliyevitengeneza. Naye alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana wa mkono mtulivu, kabla homa haijamchukua. Hakubahatika kuvipaka rangi. Kwa hiyo vilioshwa, vikamwagikiwa chai, vikanyeshewa na zile mvua zetu chache, vikakaliwa na kila aina ya mtu, mpaka kutu ikavivaa vyote na ikatulia. Kutu iliyotulia ina rangi ya kahawia inayokaribia zambarau ukiitazama jioni. Mimi nilikuwa nikinywa chai pale na kujisahau nikiitazama, halafu mtu ananigusa bega kuniuliza kama ninaumwa.

Mama yake Deng aliishi hapo hapo. Sote tulimwita Haboba, maana yake bibi, kwa Kiarabu cha Juba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe hata kabla mwanawe hajavitengeneza vile viti, kwa hiyo hakuwahi kuviona. Alivijua kwa mikono tu. Asubuhi alitoka taratibu, akavipapasa kimoja baada ya kingine kama anayewaamsha watoto, kisha akakalia chake, kile cha karibu na mlango. Hapo alikaa mchana kutwa, akisalimia watu kwa kusikia nyayo zao. Mimi alinitambua kwa sababu navuta mguu wa kushoto.

Siku moja Nyibol alikuja karakana na kiti kimoja kichwani. Alikitua mbele yangu bila salamu.

"Fundi, nitengenezee ingine kama hii," alisema. "Kama hii kabisa. Na kutu yake."

"Na kutu?"

"Na kutu."

Nilimpa maji ya kunywa, akakaa, akanieleza. Watu wa kanisa walikuwa wamempeleka Haboba Lodwar akafanyiwe upasuaji wa macho. Upasuaji ulikwenda vizuri, naye alikuwa akikaa kwa muumini mmoja huko mpaka daktari amruhusu kurudi. Nyibol, kwa furaha, akatoa viti vyote ili mama akifika avione visafi. Akaviosha, akaviacha vikauke ukingoni mwa laga, kwenye ule mto wetu wa mchanga. Kakuma haikunyesha hata tone. Ilinyesha mbali, milimani, na maji yakaja yenyewe, ya kahawia, yenye magogo na mbuzi waliokufa. Watu walikimbia. Viti vitano viliokolewa. Cha sita kilikwenda na maji.

"Ile ilibebwa ni yake," Nyibol alisema. "Ile ya mlango."

"Mwambie tu ukweli."

"Daktari alisema asisugue macho hata kidogo mpaka ipone. Huyu mama akilia kwa sababu ya Deng, mikono yake inaenda macho moja kwa moja. Mimi namjua, nilimuona siku ya kuzika. Akipona nitamwambia mwenyewe. Sasa wacha aone kwanza."

Nilikubali. Mnajua fundi akisema ndiyo haraka ni kwa sababu bado hajafikiria. Niliona bomba za mraba, nikaona vipande vya bapa vya kiti, nikaona kazi ya asubuhi moja. Kutu sikuifikiria kabisa. Nani aliwahi kuifikiria kutu kama kazi?

Kiti chenyewe kilitoka vizuri. Nilipima kila kiungo kwa kile cha Deng alichoniachia Nyibol kiwe mfano, nikachomelea, nikasaga viungo kwa grainda mpaka vikawa laini, maana hiyo ndiyo sifa yangu, kiungo changu huwezi kukiona. Nikaviweka viti viwili sambamba. Kimoja mzee mstaarabu, kingine kijana aliyetoka kunyolewa. Nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Hapo nikafanya kosa ambalo ni sisi wa Turkana tu tunaweza kulifanya. Hewa yetu ni kavu. Ukiacha msumari juani Kakuma, unaweza kurudi mwakani ukaukuta unang'aa na unakusubiri. Nikajiambia, hapa inatakiwa chumvi. Na chumvi tunayo, si tuna ziwa zima? Binamu yangu alikuwa akileta samaki kwa pikapu kutoka Kalokol, nikamwagiza mitungi ya maji ya ziwa. Nikakimwagia kiti asubuhi, nikakimwagia mchana, nikakimwagia jioni. Nikakaa nikisubiri wekundu.

Wekundu haukuja. Kiti kilifunikwa na unga mweupe, kikanuka samaki, na paka wote wa Kakuma wakahamia karakana kwangu. Nilipoufuta ule unga nilikuta chuma cha chini kimetulia, cha kijivu, kizuri kuliko nilivyokiacha. Kumbe ladha ile ya ziwa letu kwa sehemu kubwa ni magadi, na maji ya magadi hukilinda chuma badala ya kukila. Nilikuwa nimekihifadhi kiti kwa bidii yangu yote. Nyibol alipita akakiangalia, akaangalia paka, akaziba pua, akaenda zake. Habari zilikuwa zimefika kwamba Haboba yuko karibu kurudi.

Mchana ule nililala kivulini karakana, kwenye benchi, kichwa juu ya gunia. Joto la Kakuma mnalijua, haliji kukulaza, huja kukuchukua. Nikawa kati ya kulala na kuamka. Nikamsikia Fundi Wafula, mwalimu wangu, Mbukusu wa Kitale aliyenifundisha kazi hapa Lodwar nikiwa kijana. Alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, lakini sauti yake ilikuja wazi, na kama kawaida ilikuwa inagomba.

Wafula aliichukia kutu kama mtu anavyomchukia shemeji mlevi. Mafunzo yake yote yalikuwa makatazo. "Wewe Lokwang, usilaze chuma kwa gunia bichi." "Usile hiyo ugali yako na chumvi karibu na bomba zangu, kaa huko mbali na mbuzi." "Nani ameacha siki hapa? Mnataka kuniua?" Alinikataza kushika chuma kilichotoka kusuguliwa kabla hakijapata mafuta. Alinikataza kuosha chuma kisha kukiacha kikauke chenyewe. Siku moja nilijikata, nikajimwagia ile dawa ya vidonda inayotoa povu, tone likaanguka juu ya mlango mpya. Alinifokea mpaka nikasahau kwamba ninatoka damu.

Niliamka pale kwenye benchi nikiwa na furaha ya ajabu. Yule mzee alikuwa amenifundisha kutengeneza kutu miaka mingi, kitu kimoja baada ya kingine, bila yeye mwenyewe kujua. Kilichobaki ni kufanya kila alichonikataza, kwa utaratibu. Nikacheka, nikaona macho yamelowa, maana nilimkumbuka sana.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Chuma kipya kutoka kiwandani kina ngozi nyeusi na mafuta. Hiyo ngozi lazima itoke yote, kwa msasa au kwa grainda, hadi uone weupe wa chuma. Kisha kioshe kwa sabuni ya unga mpaka maji yatandae juu yake bila kujikusanya matone. Maji yakijikusanya, mafuta bado yapo, na kutu itatoka mabaka mabaka kama surua. Baada ya hapo usikishike kwa vidole vitupu. Futa siki kote, acha ikauke juani, rudia mpaka chuma kififie na kuwa kama kimechukia. Halafu changanya ile dawa ya vidonda na siki kidogo na chumvi ya mezani, tikisa mpaka chumvi iyeyuke, na upulizie kwa chupa. Usiuzibe mchanganyiko huo ukauweka, utapasua chupa. Vaa glavu na miwani, fanyia nje penye upepo. Na asitokee mwerevu akaongeza ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ule moshi wake unaua. Nimewaambia.

Nilipopuliza mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja. Chuma kilichemka mbele yangu, povu jembamba, halafu rangi ikaanza kupanda kutoka ndani. Kwanza manjano. Halafu chungwa, kali, ya kitoto, inayopiga kelele. Vijana, hapo ndipo wengi wenu mnapoishia. Mnapiga picha, mnamwita mteja. Ile bado si kutu ya kukaa na watu, ukiikalia na suruali nyeupe utajuta kanisani. Nilipuliza, nikakausha, nikapuliza tena. Kisha nikakilaza kiti juu ya gunia bichi na kukifunika na jingine, kama alivyokataza marehemu, na kila nilipofunua nilikuta rangi imezama zaidi, imekuwa nyeusi kidogo, imeanza kunyamaza.

Nikawa siendi popote. Wateja walikuja na makufuli yao na vitanda vyao, nikawaambia kesho. Nilikaa nikivitazama viti viwili, upepo ukipita na vumbi lake, na sauti za kambini zikija na kupotea, mtu akiimba, mtoto akiitwa. Wakati mwingine sikujua tena kipi ni cha Deng na kipi ni changu, na nilipenda kutojua huko. Niliwaza kile kilichokwenda na maji, labda kimekwama mahali kwenye mchanga mbali sana, miguu juu, na ndege amekaa. Niliwaza Deng akivichomelea akiwa na mke mchanga na mama asiyeona. Kutu hukufanya uwaze hivyo, kwa sababu haiendi mbio, na wewe unalazimika kwenda nayo.

Mwisho nilitazama mfano wangu vizuri. Penye kuegemea mgongo, penye makalio, na kwenye kingo ambazo mikono hushika, kutu ya Deng ilikuwa imesuguliwa na watu mpaka ikawa nyeusi na laini. Miguuni ilikuwa na magamba. Basi nikachukua gunia kavu na kusugua mahali pale pale watu wangesugua, nikafuta nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa mafuta kidogo, nikapasha moto polepole, nikafuta tena. Nta huituliza kutu isichafue nguo. Miguu niliiacha. Nyibol alipokuja kuchukua nilimwambia achague kiti cha mumewe. Alivizunguka vyote viwili, akanyoosha kidole. Alichagua changu. Akaanza kulia, nami nikajiona fundi mkubwa kuliko wote katika kaunti hii.

Haboba alirudi kwa basi, mchana, amevaa miwani myeusi. Nilikuwepo, nilijipa udhuru wa chai. Viti sita vilikuwa mahali pake, na changu karibu na mlango. Alisimama mlangoni akavua ile miwani polepole. Aliangalia mkono wake kwanza. Akamwangalia Nyibol, akasema umezeeka, wakacheka. Kisha akaangalia viti.

"Kumbe iko na rangi," alisema. "Deng hakuniambia iko na rangi."

Alivitazama kimoja kimoja, akitabasamu. Alipofika kwenye changu alitabasamu vile vile, akakikalia. Nyibol alinitazama, nami nikaachia pumzi. Nilikuwa nimeyadanganya macho yale mapya, na nilifurahi.

Halafu Haboba alifumba macho.

Sijui kwa nini sikutarajia. Mwanamke yule alivijua vile viti kwa miaka bila kuviona, na mimi nilikuwa nimeshughulikia rangi tu. Mkono wake wa kushoto ulishuka ubavuni mwa kiti, ukaingia chini ya bapa la mbele, ukatembea, ukasimama. Ukarudi. Ukatembea tena. Chai yangu ilikuwa mkononi na sikuweza kuinywa.

"Hii si yangu," alisema, macho bado amefumba.

Nyibol alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akaishika kwa nguvu. "Maji ilibeba, mama. Nilikuwa naiosha. Nisamehe. Usiguse macho, tafadhali, usiguse macho."

Machozi yalishuka. Haboba hakuivuta mikono. Aliyaacha yashuke yenyewe mpaka kidevuni, na Nyibol akayafuta hapo chini kwa kitenge chake. Tulikaa hivyo, watu wazima watatu. Nje mtu alikuja kutaka chai, akatuona, akaondoka.

"Nani alitengeneza?" Haboba aliuliza mwishowe.

"Ni mimi, mama."

"Wewe wa mguu." Alifumbua macho akaniangalia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliniangalia kwa muda, na nadhani sikumvutia sana. "Leta mkono."

Nilimpa. Alikichukua kidole changu gumba akakipeleka chini ya kiti, karibu na pembe ya kushoto, akakibonyeza hapo. "Hapa Deng aliacha kitu kidogo. Kama punje ya mtama. Chuma ilidondoka ikakaa. Kidole yangu ilikuwa inalala hapo kila siku." Kisha akaniachia mkono. "Hapa iko laini sana. Weka."

Aliniambia hivyo mimi ambaye maisha yangu yote nilisaga matone ya rodi kwa sababu mteja akiyaona anasema fundi mchafu. Nilikibeba kile kiti kwa bodaboda mpaka karakana, maana mwanga wa kuchomelea haufai mbele ya macho yaliyotoka kwa daktari. Nilikigeuza miguu juu. Nilishika rodi kwa mikono miwili kama siku ya kwanza kwa Wafula. Niligusa mara moja tu, nikainua. Tone likakaa pembeni kushoto, dogo, la fedha, jipya kabisa katikati ya kutu yote ile niliyoihangaikia.

Nilipokirudisha alikikalia, akapeleka kidole, akatafuta kidogo, akapata. Aliendelea kukaa.

Nyibol alinifuata nje. "Hiyo moja inang'aa, fundi. Hutapaka dawa yako?"

"Hapana," nilimwambia. "Jasho la kidole chake litafanya."

Mwaka niliofunga karakana ili nirudi Lodwar nilipita kuwaaga. Haboba alikuwa mlangoni, na aliniona nikija kutoka mbali. Nilijifanya kufunga kamba za viatu, nikachungulia chini ya kiti. Lile tone lilikuwa limekuwa la kahawia pande zote, na katikati yake, pale kidole kilipolala, palikuwa peupe, pameng'arishwa. Mimi sijawahi kutengeneza rangi kama ile, na nyinyi pia hamtaiweza.